Kesho Wataniuliza Juu ya Kitabu Cheusi

Baba,

Kesho asubuhi nitaulizwa kama wewe ulilisha watu kiapo.

Nimeiandika sentensi hiyo nikaitazama kwa muda, maana haifanani na wewe hata kidogo. Wewe uliyekuwa unamwomba kuku radhi ukimkanyaga. Lakini ndivyo alivyosema yule mkalimani alipokuja Ijumaa, akasimama mlangoni bila kuingia. Niende kambini Jumatatu, niweke mkono juu ya Biblia, nieleze ni kiapo gani kilikuwa kinalishwa nyumbani kwetu Jumapili, na kama Njuguna, yule fundi wako wa viti waliyemfungia huko, alikila. Nikisema alikila, Njuguna hatoki. Wengine waliosemewa hivyo wamepelekwa mbali, na wengine hatujui hata kama wamefika huko mbali. Nikisema hakukuwa na kitu kama hicho, labda atatoka. Labda. Na mimi nitakuwa nimesema uongo mbele ya Mungu, mimi binti wa mtu aliyetufundisha kwamba uongo hausemwi hata kwa kumwokoa rafiki.

Ningekuja kaburini tuzungumze. Lakini wewe umelala Maragoli na mimi niko Nakuru, na hakuna treni ya kunipeleka na kunirudisha kabla ya kesho. Basi nimekaa kitandani kwa Shangazi Marita, na karatasi za shule juu ya magoti. Ni Jumapili mchana, saa ile ile ya darasa lako. Tangu ufe nimekusemesha mara nyingi na hujanijibu hata kwa ndoto. Leo nakuomba ujibu. Leo tu, Baba, halafu sitakusumbua tena.

Acha nikupe habari kwanza, kwa sababu uliondoka kabla mambo hayajaharibika. Ulipokufa, watu wa reli walitaka nyumba yao. Si kwa ubaya, karani mpya wa stoo alikuwa amefika na watoto wake, walikuwa wanalala kwa jirani. Mama alisindikiza jeneza lako nyumbani na hakurudi. Anasema hawezi kupika katika mji ambao wewe haumo. Mimi nilibaki kwa sababu ya watoto wangu wa darasa la kwanza, na kwa sababu nyingine ambayo nitaisema nikipata nguvu. Asubuhi nikienda shule navaa koti lako. Mikono yake ni mirefu, naikunja, na watoto wananicheka.

Wewe uliiacha Hali ya Hatari ikiwa jambo la milimani, la watu wa msituni wanaolishana kiapo cha kumfukuza mzungu, jambo la kusomwa gazetini. Sasa iko hapa kwenye landi, hizi nyumba za wafanyakazi wa reli, iko sokoni, iko kanisani. Wakikuyu wanachukuliwa makazini mwao, wanapangwa kwenye uwanja uliozungushiwa seng'enge, na mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho anapita mbele yao akitikisa kichwa. Akitikisa hivi unarudi nyumbani. Akitikisa vile unapandishwa lori. Wanauita mchujo, kama vile watu ni chai.

Darasa lako tulijaribu kuliendeleza. Tulikaa humu chumbani, mimi, Njuguna, Mzee Okwemba na wale makarani wawili wa stesheni. Nikasoma ukurasa kwa Kijerumani changu kibovu, nikashindwa kuutia katika Kiswahili. Okwemba alianza kulia. Alisema mfano alikuwa nao, mzuri kabisa, alikuwa ameuandaa wiki nzima, lakini hapakuwa na mtu wa kumwambia kama ni sawa. Tukanywa chai tukaachana.

Unakumbuka lilivyoanza? Mama alipenda kuisimulia hadithi hiyo kwa hasira. Wenzako waliochukuliwa kubeba mizigo katika ile vita ya kwanza walirudi na blanketi, wewe hukurudi. Ulibaki Tanganyika kwenye mitambo ya kupiga chapa ya wamisionari, ukajifunza kujalidi vitabu, na yule mchungaji mzee wa Kijerumani akakufundisha kusoma lugha yake kwa sababu hakuwa na mtu wa kubishana naye. Mwishowe ulirudi, miaka mingi baadaye, na sanduku. Mama akadhani ni nguo. Akafungua akakuta vitabu vilivyotafunwa na mchwa, na hakuna hata kimoja ambacho jirani angeweza kuazima. Ukavijalidi upya vyote kwa kitambaa cheusi na gundi ya unga wa ngano uliyoipika kwenye sufuria yake nzuri. Hilo la sufuria hakukusamehe mpaka umri wa mvi.

Na landi nzima wakakuita Mzee Mjerumani.

Majina ya waandishi wako yalitushinda, ukayabadilisha. Wa kwanza ukamwita Mzee Wajibu. Halafu Mzee Safari, Mzee Kiu na Mzee Radi. Ulikuwa na utaratibu ambao sijauona shuleni wala kanisani. Ulisoma sentensi kwa Kijerumani, polepole, ukasema lazima tusikie sauti ya mtu kabla ya kumwelewa. Kisha ukaitia katika Kiswahili. Kisha ukafunga kitabu, ukakunja mikono, na kitabu hakikufunguliwa tena mpaka mmoja wetu alete mfano kutoka kazini kwake. Hata kama jua lingetua. Siku nyingine tulisoma sentensi moja tu, watu wakarudi makwao wamechoka kama waliolima.

Mzee Wajibu alisema kwamba vitu tunavijua jinsi vinavyotufikia sisi, na vilivyo vyenyewe hatuvifikii. Ukafunga kitabu. Mwishowe karani mmoja akasema ziwa letu likitazamwa kutoka stesheni ni mstari wa waridi, mzuri ajabu, na ukiteremka hadi ukingoni ni matope, magadi na uvundo wa ndege. Ukamuuliza ziwa lenyewe ni lipi kati ya hayo mawili. Akafikiri, akasema hakuna hata moja. Ukainuka ukampa mkono!

Na ya Mzee Safari, kwamba bwana anamtawala mtumwa, lakini mtumwa ndiye anayeshika kazi, na kwa kazi hiyo anakua, na bwana anabaki kumtegemea. Okwemba alikuwa mpishi kwenye shamba la mzungu huko Rongai. Alicheka mpaka akashika tumbo. Alisema, "Mzungu yangu hata hajui chumvi inakaa wapi! Mimi nikienda likizo anakula mayai asubuhi na jioni." Mzee Kiu ulisema asisomwe na mtu mwenye njaa, kwa sababu anafundisha kwamba kutaka hakuishi, ukipata hiki unataka kile, na mwenye njaa anajua hayo tayari. Mzee Radi, kwa kuandika kwamba Mungu amekufa, alimfukuza Mzee Isaya wa kanisa darasani, Isaya akatoka akipiga fimbo sakafuni, na wewe ukamwita kwa nyuma, "Msome mtu mpaka mwisho, Isaya! Halafu umkatae ukiwa umeshiba." Hakurudi. Lakini ndiye aliyeliombea jeneza lako lilipoondoka, na alilia.

Sasa nafika penye mkosi. Ile ahadi.

Mwanzoni kabisa, kila uliposoma sentensi, watu waliitikia "Ndiyo" au "Amina". Hata karani. Hata mimi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sote, mkubwa akisema kitu unaitikia, iwe ni mimbarini au ofisini. Ilikuudhi kuliko kitu chochote. Ulisema, "Mnanijibu kama mko kanisani. Huyu mtu anawauliza, hawabariki." Ndipo ukaleta desturi yako. Kila mgeni wa darasa aliweka mkono wa kulia juu ya kitabu cha Mzee Wajibu, kile cheusi kinene, akasema mbele ya wote, "Sitaamini neno kwa sababu limesemwa na mkubwa. Nitalipima mwenyewe." Basi. Akakaa, akapewa chai. Mimi nilikuwa wa kwanza. Mama alikataa, alisema ana unga mikononi na tena wakubwa wake mwenyewe anawajua. Tulicheka sana siku hiyo.

Hapakuwa na mbuzi. Hapakuwa na damu wala giza. Kulikuwa na mandazi, Baba! Mlango tuliufunga kwa sababu ya vumbi, na nani asiyejua vumbi la Nakuru. Lakini hebu nisikie mwenyewe ninavyosimulia. Mlango umefungwa. Mkono juu ya kitabu. Maneno ya kutowaamini wakubwa. Afisa gani atasikia hayo asiseme ni kiapo cha msituni? Kila Jumapili. Hukuona? Wewe uliyeona mambo ambayo hata maprofesa wanayatolea jasho, hilo hukuliona?

Njuguna alikuja darasani kwa ajili ya kiti. Unakumbuka, ulimpelekea kiti kilichovunjika mguu, akakirudisha kwa baiskeli kutoka Njoro, akakukuta unasoma. Alikaa kwenye kiti hicho hicho na hakuondoka. Mzee Wajibu alipouliza, je, ungetaka unalolifanya wewe liwe sheria ya kila mtu, ni Njuguna aliyeleta mfano. Alisema fundi akijaza ufa kwa nta na unga wa mbao, kiti kinauzwa. "Lakini kila fundi akifanya hivyo, hakuna mutu atanunua kiti tena. Watu watakaa chini." Ukakunja ukurasa ule sikio, wewe usiyekunja vitabu.

Kisha ile Jumapili ya mlango. Mzee Wajibu anasema rafiki yako amekimbilia kwako, umemficha, na muuaji anagonga anauliza kama yumo. Anasema hata hapo usidanganye. Chumba kilichemka. Okwemba alipiga kelele, "Mimi nitasema hayuko! Nitasema hata mimi mwenyewe siko!" Makarani wakawa upande wake, na mimi pia. Njuguna peke yake ndiye aliyesimama, na vumbi la mbao bado kichwani. Akasema, "Mutu akidanganya mara moja kwa sababu nzuri, kesho atapata sababu ingine nzuri. Atazoea." Ulipiga meza kwa furaha. Nilikuonea wivu, au nilimwonea yeye wivu, sijui. Ukasema, "Kunyamaza si uongo. Mfungie mlango, piga yowe, pigwa wewe, lakini neno la uongo usilitoe kinywani." Na yeye akalishika hilo kama anavyoshika randa.

Wiki tatu zilizopita walimchukua kwenye kiwanda cha mbao pamoja na Wakikuyu wenzake wote. Mwenye gunia hakumjua, alipita tu. Ilikuwa bado kidogo arudi kazini. Lakini mezani kulikuwa na afisa anayewauliza wote swali moja: umewahi kuweka mkono juu ya kitu ukaahidi pamoja na wengine? Wote waliomtangulia walisema hapana, waliosema kweli na waliodanganya. Likamfikia yeye. Akasema ndiyo. Akasema ni kwako, kwa Mzee Zakaria, Nakuru, juu ya kitabu.

Mkalimani alinisimulia hayo akicheka. Alisema, "Huyo mtu yenu alijifunga mwenyewe kama mzigo."

Wakamuuliza wengine walikuwa nani. Hapo alinyamaza, na mpaka leo amenyamaza. Sijui walichomfanya ili aseme. Mama yake huchuma pareto huko Njoro, anaruhusiwa kumpelekea chakula. Aliniambia Njuguna sasa anakula kwa mkono wa kushoto. Nilimuuliza wa kulia una nini. Alinionyesha kwenye vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja, vile vilivyovunjwa.

Baba, wewe ndiye uliyemfanyia hivi.

Sitalifuta hilo. Ulikufa kitandani kwako, umefunikwa blanketi mbili, Mama ameshika miguu yako, nimonia ikakuchukua kwa upole kama mtu anayezima taa. Na huku nyuma umeacha kijana anayesema kweli kwa watu ambao hawana haja na kweli. Mzee Wajibu wako alikuwa na mlango gani? Ni nani aliyewahi kugonga kwake? Aliandika mezani, kwenye nchi ya baridi, na mlango wa mfano, na rafiki wa mfano, na muuaji wa mfano. Rafiki wa mfano hana vidole! Nilitaka kukupigia kelele tangu Ijumaa, na humu chumbani siwezi, kuta ni za bati na jirani anasikia hata tukipiga chafya.

Nimelia. Nimerudi.

Mzee Isaya alikuja jana. Alisema nijibu kwamba sikuwapo, mwanamke wakati wa mikutano huwa jikoni, watanielewa. "Jiokoe, binti yangu. Mzee Zakaria angetaka hivyo." Ni mtu mwema, na anaogopa. Shangazi Marita yeye aliniuliza ninaandika nini, nikamwambia nafikiri. Akasema, "Mutoto wa watu atakufa, na wewe bado unafikiri?" Akatoka kwenda kanisani bila mimi.

Lakini sikuweza kuacha kufikiri, wewe ndiye uliyeniharibu hivyo. Nikaanza na hili: nampenda Njuguna. Nimelisema sasa, ndiyo ile sababu nyingine ya kubaki Nakuru, na nadhani ulijua, kwa sababu Jumapili za mwisho ulikuwa unaniambia mimi ndiye nimpelekee chai. Kwa hiyo niliogopa. Nikajiuliza kama nataka kudanganya kwa sababu kudanganya ni haki, au kwa sababu nataka mtu wangu arudi. Nikafanya ulivyotufundisha. Nikamtoa Njuguna kambini, nikamweka mwingine mahali pake. Nikamweka Mzee Isaya, na jinsi anavyonichosha. Je, ningemdanganyia? Ningemdanganyia. Nikamweka yule jirani anayeiba kuni zetu. Hata yeye, nikinung'unika.

Kisha nikalifanya sheria ya watu wote. Kila mtu duniani na adanganye anapoulizwa na mwenye nia ya kuumiza asiye na kosa. Haya, nini kitaharibika? Wauaji hawatamwamini mtu tena. Na wasiamini! Nimeigeuza juu chini tangu Ijumaa na sioni kiti kilichovunjika hapo.

Halafu nikakumbuka lile jingine la mzee wako yule yule, kwamba binadamu usimfanye kuwa chombo tu cha haja zako. Siku ile Okwemba hakuleta mfano, alisema tu, "Hiyo iandikeni kwa ukuta." Basi nikajitazama kesho, nimesimama mbele ya afisa, nimesema kweli tupu, dhamiri yangu nyeupe. Na nani atakuwa ameulipia huo weupe? Njuguna. Nitakuwa nimemtumia kama sabuni. Nimejifulia roho yangu kwa mwili wa mtu mwingine, halafu nirudi nyumbani nikapige magoti nishukuru. Hapana, Baba. Mzee wako alisema mambo mawili, na wewe ulituambia hayagombani. Yanagombana. Yanagombana hapa kifuani kwangu na moja lazima lianguke.

Nimepanga nitakachosema. Kanisani kwetu mtu akiacha pombe huja mbele, huweka mkono wa kulia juu ya Biblia, na huahidi mbele ya watu wote. Hakuna asiyejua hilo katika landi zote. Mkalimani mwenyewe aliahidi mwaka jana, na akarudia pombe kabla ya Krismasi. Nitasema Jumapili zetu zilikuwa za hiyo. Nitasema Njuguna alikuwa mnywaji wa pombe ya busaa, jambo ambalo Mungu anajua si uongo mkubwa, na Baba yangu akamsaidia kuahidi. Mkono juu ya kitabu, ndiyo. Ahadi, ndiyo. Mlango umefungwa, ndiyo, kwa sababu mlevi anayetubu huona haya. Nitapeleka Biblia ya Mama aliyoniachia kama ushahidi, ile uliyoijalidi wewe kwa kitambaa kile kile.

Sasa nikuambie kilichonivunja.

Askari walipokuja kupekua walibeba sanduku lako lote, kila kitabu. Waliacha kimoja tu. Yule kijana wa askari alikiona juu ya meza, cheusi, kinene, akadhani ni Biblia. Alikishika kwa mikono miwili akakirudisha taratibu. Ni cha Mzee Wajibu. Nilikificha kwenye unga na nikaona ni muujiza, kwamba katika vyote umeniachia hicho. Lakini kikionekana, uongo wangu umekwisha na Njuguna amekwisha. Na watarudi kupekua, wamesema.

Nimekichoma leo asubuhi. Nilidhani kitawaka upesi. Ulikishona vizuri mno, Baba. Kurasa zilijikunja moja moja, nikaziona herufi zile za miiba ulizonifundisha nikiwa mdogo, nikiwa nimekaa mapajani mwako, na ule ukurasa uliokunjwa sikio ulikuwa wa mwisho kuondoka. Gundi yako ilipoanza kuungua ilinuka kama chapati. Jirani akauliza kwa ukuta kama tunapika. Nikamwambia ndiyo. Huo ulikuwa wa kwanza.

Kwa Njuguna nimepeleka ujumbe kupitia mama yake. Nilimwambia amwambie hivi: nitakaposema, asiseme kitu. Asikubali, asikatae. Kunyamaza aliruhusiwa na Mzee mwenyewe. Ukimya awe nao yeye, uongo niubebe mimi. Leo asubuhi mama yake alipita na kikapu kitupu. Alisema Njuguna alimaliza kula, akafuta kinywa, akasema tu, "Mwambie nimesikia."

Amesikia. Hakusema amekubali. Unamjua. Anaweza kusimama kesho mbele yao wote, na vidole vile, akasema, "Hapana, Bwana Afisa, si hivyo." Anaweza kunisahihisha kama alivyokuwa akimsahihisha Okwemba. Nitakuwa nimechoma kitabu chako, nimeidanganya Biblia ya Mama, na wote wawili tumefungwa. Sina njia ya kumzuia. Siwezi hata kumkasirikia, maana ni wewe na mimi tuliompigia makofi.

Hujanijibu. Nimefika mwisho wa karatasi na hujanijibu, na nadhani sikusubiri jibu tena tangu nilipowasha lile jiko.

Barua hii nayo itaingia motoni, hauwezi kuachwa nyumbani mwandiko kama huu. Shangazi anarudi, nasikia wanatoka kanisani wakiimba. Basi nakuaga, Baba. Lala Maragoli penye mvua. Mwambie mchungaji wako, kama mko pamoja, kwamba vitabu vyake vilifika mbali kuliko alivyodhani. Njuguna akitoka, nitalifungua darasa tena, bila kitabu, kwa yale yaliyobaki kichwani mwangu na kichwani mwake. Asipotoka, nitalifungua hata hivyo, na atakayekuja nitamwambia kwamba Mzee Wajibu alikuwa mkubwa na mahali pamoja alikosea, na nitamwambia nilikojulia. Naahidi hilo.

Kesho nitamdanganya afisa. Nitamdanganya mkalimani, na baada ya hapo Mama, na Mzee Isaya, na watoto wangu kama nitakuwa nao, kwa sababu uongo huu ukishasemwa lazima usemwe daima. Wewe peke yako ndiye ninayekuambia kweli, na hii ni mara ya mwisho inatoka kwangu: tuliweka mikono juu ya kitabu chako, mimi na Njuguna, tukaahidi, na ilikuwa siku njema.

Binti yako,
Rasoa